Riha ya Hopsi katika Bia ya IPA yenye Utusitusi: Mada kwa Waonjaji na Wauzaji wa Bia, Nsambya



Watu wa Nsambya, khasa wale waliolelewa baina ya kambi ya polisi na nyumba za reli, hawana haja ya kuambiwa kwamba kinywaji chaweza kuwa kizito kisichopenya nuru na bado kikawa chema, maana malwa ya ulezi, ambayo Wateso huiita ajono, haijapata kuwa angavu, wala hakuna mzee aliyeuweka mrija chini kwa sababu hiyo. Lakini bia za chupa, zilizoanza kutoka Port Bell na baadaye Njeru, zilituzoeza kuamini kwamba bia njema ni ile iliyo safi kama kioo. Na sasa, ilipotufikia IPA (India Pale Ale) yenye utusitusi, wako wanaoikataa kwa kuitazama tu, na wako wanaoisifu kwa kuitazama tu, na makundi yote mawili yamehukumu kwa jicho jambo ambalo kadhi wake ni pua.

Aina hii ya bia ilipata sifa katika jimbo la Vermont, Marekani, kwa bia iitwayo Heady Topper ya kiwanda cha The Alchemist, mjini Waterbury, iliyoanza kutiwa kwenye makopo mwaka 2011. Na mwaka 2018 chama cha wapika bia wa Marekani kiliipa fungu lake katika mashindano. Utusitusi wake hutokana zaidi na protini za oti na ngano zinaposhikamana na tanini, nyingi zikiwa zimetoka katika hopsi. Kwa hiyo mpika bia aweza kuupata kwa nafaka, na hata kwa hamira iliyoachwa ikielea, pasina kuwa na hopsi ya maana ndani yake. Utusitusi si shahidi wa chochote.

Shahidi ni mafuta ya hopsi. Ua la mmea huu lina chembe za manjano ziitwazo lupulini, na ndani yake mna vitu viwili ambavyo mwonjaji hana budi kuvitenga: asidi za alfa, ambazo huleta uchungu zikichemshwa kwa muda mrefu, na mafuta mepesi, ambayo huleta riha na huruka na mvuke wa chungu. Hapa Kampala, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na uchungu hutoka polepole kuliko pwani. Hilo ni tatizo kwa mpika IPA ya kizamani, lakini si kwa mpika hii, kwa sababu yeye hutia sehemu kubwa ya hopsi yake moto ukiisha kuzimwa, kisha akatia nyingine baridi katika pipa la kuchachusha. Basi anayeidai IPA hii uchungu mkali amekosea mlango, na anayeisamehe kukosa riha amefanya taksiri kubwa zaidi.

Napenda kukaa kidogo juu ya riha, kwani hapo ndipo nionapo wenzetu wakijidharau bila sababu. Husomwa vitabu vya kigeni, kisha mtu akaandika majina ya matunda asiyopata kuyatia kinywani. Hopsi haioti vyema kwetu, kwa kuwa yataka siku ndefu za kiangazi zisizopatikana katika Ikweta. Lakini harufu zake tumezaliwa nazo. Mirseni, mojawapo ya mafuta hayo ya hopsi, imo pia katika embe. Thioli, yaani viambato vya salfa, zinazozipa hopsi za Citra na Mosaic harufu ya pasheni na pera ni za ukoo mmoja na zilizomo katika pasheni na mapera ya soko la Owino. Linalooli imo katika rehani, na geranioli katika waridi. Mwanamke auzaye maji ya pasheni pale Kabalagala anayo mizani iliyo sahihi kuliko ya mwanafunzi wa kitabu, naye akisema bia hii yanuka pera lililopitiliza kuiva, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema.

Kuonja kwenyewe kuwe hivi. Bilauri isuuzwe isibakie sabuni. Bia isiwe baridi ya barafu, ila nyuzi 7 hadi 10, kwani ubaridi huifunga riha. Inuswe kabla ya kunywewa, ikazungushwe, ikanuswe tena. Kisha imezwe, mtu anyamaze, angoje. Hopsi njema hurudi kupitia koo na kubadilika bia ikipata joto, kwanza embe, pengine chungwa, halafu kitu cha majani mabichi. Ikiwa harufu ni moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, tamu kama peremende, sitoi alama nyingi. Ukisikia koo likiwashwa, hopsi imezidi au chembe zake hazikutua. Ukisikia siagi, uchachu haukwisha kazi yake. Na rangi ikigeuka kijivu, harufu ikawa ya karatasi iliyolowa, hewa imekwisha ingia na hakuna dawa.

Kwa sababu hiyo, kopo mashuhuri lililovuka bahari, likakaa bandarini Mombasa, likapanda lori hadi Malaba na kulala katika ghala lenye joto, aghalabu hushindwa na bia iliyopikwa mjini humu wiki chache zilizopita na viwanda vidogo kama Banange. Mafuta ya hopsi hayajui umashuhuri.

Nawaomba basi wenye baa: someni tarehe ya kutiwa koponi kabla ya kununua, wekeni bia hizi katika friji tangu siku zipokewapo, na umeme ukikatika muda mrefu, ziuzeni hizo kwanza, au msiziuze kabisa kwa jina la IPA.