Bomba la Choo Limepasuka: Nani Atalipa?

(Muziki wa kufungua, halafu unashuka.)

MTANGAZAJI: Naongea na ninyi mlioko Base Camp, Juru na Rubondo, pamoja na ninyi mnaopanga nyumba Isingiro na Mbarara. Leo tunaongea jambo ambalo wengi wanaona haya kulitaja: choo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mimi ninapanga chumba hapa Masha, kwenye barabara ya Mbarara kwenda Isingiro. Tuko familia nne uani, choo kimoja, na bomba moja la plastiki la inchi 4 linalopeleka uchafu kwenye shimo nyuma ya nyumba. Mvua za mwezi wa nne zilipokolea, maji ya choo yakaanza kushuka polepole. Kisha sehemu moja ya ua ikawa na unyevu, majani yakastawi, na harufu ikaanza. Sote tuliona. Hakuna aliyesema.

Kwa nini? Kwa sababu tulimwogopa mwenye nyumba. Mkimbizi anawaza: nikilalamika, nitaambiwa nihame. Au nitaambiwa, wewe uliyeona ndiye ulipe. Kila mtu akamngojea jirani yake aseme.

Wiki mbili zikapita. Uchafu ukarudi juu, ukatokea kwenye sakafu ya bafu. Mtoto wa jirani, aliyekuwa akicheza pale uani, akaanza kuharisha. Alipelekwa kituo cha afya, akapona, tunamshukuru Mungu. Lakini usiku ule mama yake alilia mbele yetu, akatuuliza, "Ninyi nyote hamkuona?" Tulinyamaza tena.

Asubuhi tukachanga shilingi 5,000 kila familia, tukaita fundi wa haraka. Alichimba kidogo, akafunga bomba kwa mpira wa tairi, akapaka saruji juu, akaenda zake. Siku ya tisa likavuja tena. Franga zetu 20,000 zikaenda na maji.

Hapo ndipo tukaenda kwa mzee mwenye nyumba, watu wanne pamoja, siyo mmoja. Tulimsalimu vizuri, tukamwomba aje aone. Tulikuwa tumechimba mpaka bomba lote likaonekana. Lilikuwa limefukiwa shibiri moja tu, juu ya mawe, mahali ambapo boda boda zinageukia kila siku. Mzee alitazama, akauliza, "Mbona hamkuniambia mapema?"

Tukakubaliana. Yeye alinunua bomba, viungio, gundi na mchanga Mbarara. Sisi tulichimba wenyewe na kumlipa fundi mzuri shilingi 40,000, yaani 10,000 kila familia. Bomba la mita 6 halipandi boda, na ukilikata vipande vingi unaongeza viungio vya kuvuja. Lilikuja limefungwa juu ya taksi.

Msikilizaji, kama kwako limetokea, fanya hivi.

Kwanza, acheni kumwaga maji kwenye choo hicho. Ombeni choo cha jirani. Watoto wasikanyage pale, na anayechimba avae buti na glavu, kisha anawe kwa sabuni. Maji ya kunywa yachemsheni.

Pili, msilipe kabla ya kuona. Chimbeni mjue chanzo: ni bomba limevunjika, limeziba, au ni shimo limejaa? Kama shimo limejaa, bomba jipya halitasaidia kitu.

Tatu, bomba lilale juu ya mchanga, siyo mawe. Kwa kila mita 6, lishuke kama sentimita 15. Mahali panapopita pikipiki, lizikwe mpaka kina cha goti au zaidi.

Nne, kabla ya kufukia, mwageni ndoo kadhaa za maji huku mkitazama kila kiungio. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Tano, andikeni. Nani ametoa kiasi gani, risiti iko wapi, fundi ameahidi nini.

Na kuhusu kulipa: Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya Uganda ya mwaka 2022 inataka nyumba ya kupangisha iwe inafaa watu kukaa. Kwa hiyo kumwambia mwenye nyumba siyo utovu wa adabu. Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa mwenyekiti wa LC1. Mlioko kambini, anzeni kwa RWC wenu.

Wengi wenu kambini hamna bomba, mna shimo na sakafu tu. Neno langu ni lile lile. Ukiona ufa, ukiona udongo unabomoka wakati wa mvua, mwambie jirani na mhudumu wa afya wa kijiji siku hiyo hiyo. Mwaka 2018 kipindupindu kilizuka katika kambi ya Kyangwali, wakati huo wilaya ya Hoima, na ndugu zetu waliotoka Kongo walikufa. Ugonjwa ule hauulizi nani alichimba choo na nani alikitumia.

Mimi naliona bomba letu jipya kila asubuhi, au niseme, silioni, maana limezikwa vizuri. Ninachokumbuka ni swali la yule mama. Wewe usingoje kuulizwa. Nenda kabisha mlango wa jirani leo.



(Muziki wa kufunga.)