Kabla ya Kemo, Uliza Habari ya Kizazi

Dada zangu, mama zetu, na nyinyi ndugu wa kiume mliokaa huko nyuma, sogeeni, haya yanawahusu.

Mwanamke akiambiwa ana saratani na imeshasambaa, kila mtu hukimbilia jambo moja: apone. Sawa kabisa. Lakini ana miaka 26, hajazaa, na hakuna aliyemwambia kwamba baadhi ya dawa za kemo, kama sayklofosfamaidi, huua mayai yake ya uzazi, au kwamba mionzi ya nyonga huharibu ovari na hata mfuko wa uzazi wenyewe. Akiuliza, anajibiwa, "Wewe waumwa hivi, halafu wafikiria watoto?" Eh! Sasa afikirie nini?

Njia zipo. Mayai yanaweza kutolewa yakagandishwa, baada ya sindano za kama wiki 2. Mwenye saratani ya matiti inayolishwa na homoni huongezewa letrozoli, ili homoni isipande sana. Aliyeolewa anaweza kugandisha viinitete vilivyotungwa kwa mbegu za mumewe. Maulamaa wengi wa Sunni wanaruhusu, maadamu ni mke na mume na ndoa ingalipo. Asiyeolewa amuulize shekhe anayeyaelewa mambo haya, asisikilize ya barazani. Na asiyeweza kungoja wiki 2, huweza kutolewa kipande cha ovari kikagandishwa. Mwaka 2004 kule Ubelgiji alizaliwa mtoto kwa njia hiyo, mamake alikuwa ametibiwa saratani ya limfu. Ila kwa saratani ya damu madaktari huiogopa, manake kipande kile chaweza kurudi na ugonjwa.

Tusidanganyane pia: saratani ikishafika mbali, wakati mwingine nafasi hiyo haipo, kuchelewesha dawa ni kuhatarisha maisha. Na gharama ni kubwa, wengi wetu hatuiwezi. Hivyo ni vita vyengine, tutavipigana.

Lakini kumwambia mgonjwa ukweli hakuhitaji bajeti. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imetaja afya ya uzazi waziwazi. Kwa hivyo ukimsindikiza mgonjwa, kabla ya dripu ya kwanza muulizeni daktari: dawa hii itafanya nini kwa kizazi chake? Tuna siku ngapi? Nani atatuelekeza? Na amjibu mgonjwa mwenyewe, si baba au mume pembeni kule koridoni.