Shamba la Anathothi: Uaminifu wa Mungu kwa Agano Lake

Imezoeleka katika mahubiri mengi kuupima uaminifu wa Mungu kwa mabaya aliyotuepusha nayo: ugonjwa uliopona, deni lililolipika, safari iliyofika salama. Shukrani hizo ni halali kabisa. Lakini kipimo hicho kikitumika peke yake, siku mgonjwa anapofariki agano nalo litaonekana limekufa. Ninadai kwamba Maandiko yenyewe hayapimi hivyo, na ushahidi wangu mkubwa ni hati ya kununulia shamba.

Sura ya 32 ya kitabu cha Yeremia inatupeleka Yerusalemu, mwaka wa 10 wa Mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli limeuzingira mji, na nabii amefungwa katika ua wa walinzi kwa kutabiri kwamba mji utaanguka. Humo anajiwa na Hanameli, mwana wa ami yake, akimtaka akomboe shamba la ukoo huko Anathothi, katika nchi ya Benyamini. Nani anunue ardhi ya nchi inayotekwa? Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, mashahidi wanatia sahihi, na Baruku, mwandishi wake, anaagizwa aziweke hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Angalieni mpangilio wake: analipa kwanza, ndipo anaomba, na katika ombi hilo anamwuliza Mungu kwa mshangao kwa nini ameagizwa kununua ilhali adui yuko ukutani. Kuamini hakukumfanya akane maangamizi. Ni yeye aliyeyatabiri. Alishika yote mawili, kwamba mji utateketea na kwamba mashamba yatanunuliwa tena, kwa kuwa yote aliyasikia kwa Mungu yuleyule.

Je, ahadi ilitimia? Ezra, sura ya 2, anahesabu watu 128 wa Anathothi miongoni mwa waliorudi kutoka uhamishoni. Yeremia alikuwa ameshachukuliwa Misri, na hatusomi popote kwamba alilima shamba lile. Pingamizi zito zaidi ni kiti cha enzi cha Daudi, kilichoahidiwa kudumu milele, lakini baada ya Sedekia hakikukaliwa tena na mfalme wa ukoo huo. Zaburi ya 89 hailifichi jambo hilo. Inamlalamikia Mungu waziwazi kwamba amelitupa agano lake, na Kanisa limeendelea kuiomba zaburi hiyo. Imani ya Kikristo inajibu kwa kumtaja Yesu, mwana wa Daudi, ambaye naye alisulubiwa kabla ya kufufuka. Asiyeamini ufufuo atalikataa jibu hilo, na nafahamu kwa nini. Ila asidhani kwamba lilibuniwa kufunika aibu ya msalaba, maana ahadi kupitia katika hasara kulianza zamani, tangu hati ya Anathothi.

Wapo wanaohofu kwamba ahadi isiyotanguka huzaa uzembe. Yeremia aliijua hatari hiyo. Sura ya 34 inasimulia jinsi wakubwa wa Yerusalemu walivyofanya agano la kuwaachia huru watumwa wao Waebrania, wakapita kati ya vipande vya ndama kuthibitisha kiapo, kisha wakawarudisha watumwa walewale utumwani. Mungu anawahukumu kwa kulivunja agano hilo, akilitaja pia lile alilofanya na baba zao walipotoka Misri, nchi ya utumwa. Aliyeahidi kurudisha mashamba ndiye aliyekataa jina lake litumike kumlinda mdhulumu, na wakubwa wale walitiwa mikononi mwa Babeli.