Lugha Tatu, Kichwa Kimoja



Mtoto wa Kisutu husikia Kigujarati nyumbani, Kiswahili sokoni Kariakoo na Kiingereza shuleni. Kusema hakumlemei, kwani ubongo huzaliwa tayari kwa lugha. Maandishi, hata hivyo, yana umri wa miaka ipatayo 5,000 tu; kila mtoto sharti afundishwe kujenga daraja baina ya herufi aionayo na sauti aisikiayo.

Kwa mwenye disleksia daraja hilo hujengeka kwa shida, ajapokuwa na akili nyingi. Kiswahili huweza kumsitiri: hutamkwa kama kiandikwavyo, naye husoma sawasawa ila polepole. Kiingereza humfichua, kwa kuwa herufi zilezile hubadili sauti. Kigujarati nacho kina mtego wake: alama ya “i” fupi huandikwa kabla ya konsonanti, ilhali hutamkwa baada yake.

Huenda yumo humu mtoto aliyehifadhi bhajan zote, lakini akiogopa kitabu. Tusimwite mvivu, wala tusimkataze lugha ya nyumbani. Wingi wa lugha hausababishi disleksia. Tumsomee, tumfundishe sauti mojamoja, tumpe muda. Fimbo haijengi daraja.