Mji, Pindo na Jina: Kuoanisha Karatasi za Maua kwenye Kadi za Mkono



Hapa kwetu Kiloleli, pamba ikishauzwa, kadi za michango ya harusi huanza kupita nyumba kwa nyumba. Zetu za mkono bado ni chache, na kasoro moja naiona mara kwa mara: tunajaza maua mpaka maneno yanakosa pa kukaa. Mwalimu wa kutusahihisha tunaye nyumbani, naye ni kanga. Pindo lake huzunguka pande zote nne, mji hukaa katikati, na jina, yaani msemo wake, huandikwa mahali pake penyewe, pasipo na maua. Ndiyo maana unalisoma hata mvaaji akiwa anatembea.

Basi kabla ya kushika mkasi, amua karatasi ipi ni mji na ipi ni pindo. Ya mji iwe moja tu, yenye maua makubwa. Ya pindo iwe na vidoti, mistari myembamba au maua madogo. Tazameni hizi nilizokuja nazo. Hii ya kufungia zawadi ina maua mekundu yanayolingana na kiganja cha mtoto. Nikiiweka kando ya hii yenye mistari minene ya buluu, zinagombana. Jicho halijui litue wapi. Naondoa ya buluu, naweka hii nyeupe ya vidoti vyekundu. Zimeshikana, kwa sababu wekundu ni ule ule. Rangi moja ya pamoja inatosha kuziunganisha. Zaidi ya rangi tatu kwenye kadi moja mimi sikubali.

Ukisita, ziweke mezani, rudi nyuma hatua tatu, fumba macho nusu. Inayokuvuta kwanza ndiyo mji. Zikikuvuta zote mbili, punguza moja.

Manila ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kadi ya sentimita 14.8 kwa 21. Kata karatasi ya maua 13.8 kwa 20, ubaki ukingo wa nusu sentimita kila upande. Juu yake bandika kipande cheupe cha kuandikia majina ya maharusi, tarehe na ukumbi. Gundi ya unga wa muhogo inafaa, ila ipakwe nyembamba. Ikizidi, karatasi hujikunja.

Karatasi za maua zikikosekana, tusikwame. Kule Iringa, Neema Crafts, kituo cha watu wenye ulemavu kilichoanza mwaka 2003, wametengeneza karatasi hata kwa kinyesi cha tembo. Sisi malighafi yetu iko sakafuni kwa mafundi cherehani: vipande vya vitenge. Navyo vipangwe vivyo hivyo, kikubwa kimoja, vingine vidogo.

Naomba kesho kila mmoja alete kadi moja. Tutazitundika ukutani na kuzisoma tukiwa tumesimama mlangoni. Isiyosomeka tutaibandua na kuipanga upya pamoja.