Pine ikikataa kuingia, soma namba mbele ya kulaumu fundi

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa mwezi, mbele ya memba wa chama, vijana wa kinga na mafundi. Tunayachapa kwa sababu wengi waliomba wayasome tena nyumbani.)



Mulituomba tuzungumze juu ya pine ngumu, ile inayokaza mpaka vidole vinatoka malengelenge na bado kipande kidogo kinabaki inje. Tumefurahi kwa ombi hilo. Kinga za chama njo zinashusha muhogo na makala toka mashamba, njo zinapeleka ndagala sokoni, na usiku mama akishikwa na uchungu njo zinamufikisha kwenye kituo cha afya. Kinga ikilala, si chuma kimelala. Kuna nyumba ambayo haitapika siku ile.

Kwanza tupatane juu ya majina. Waliorudi kutoka Nyarugusu na Lugufu wanasema baiskeli, tairi, tyubu, rimu na spoki. Waliobaki hapa wanasema kinga, pine, shambreri, janti na rayo. Ni vitu vile vile. Leo tutasema kinga na pine, lakini anayesema tairi asione haya. Tutamuelewa.

Sasa tuingie kwenye ile kesi. Munajua habari ya pine 12 zilizonunuliwa na kese ya chama. Kila moja imeandikwa 28, na janti za kinga zetu za mizigo ni 28 vilevile. Hakuna hata moja iliyoingia. Mbili zilipasuka ukingo kwa kulazimishwa na turnevisi. Toka siku ile kuna maneno yanatembea. Wengine wanasema fundi alifanya makusudi, kwa sababu yeye hakukimbia na hapendi wanaorudi wapate. Wengine wanasema vijana wa kambini hawajui kazi, walizoea kupokea tu. Maneno hayo sasa yamekuwa makubwa kuliko pine zenyewe. Ndugu zetu, tulichukua zile pine, tukachukua na janti, tukapima. Jibu limeandikwa ubavuni mwa pine, kwa herufi ndogo.

Tazameni vizuri. Mbali na ile 28 kubwa, kuna namba mbili zenye kistari katikati. Namba ya kwanza ni unene wa pine kwa milimita. Namba ya pili ni kipenyo cha duara ambapo ukingo wa pine unakaa juu ya janti. Hii ya pili njo inaamua kama pine itaingia au haitaingia. Zile tulizonunua zimeandikwa 37-622. Pine zilizochakaa za kinga zetu za mizigo, zile za breki za vyuma, zimeandikwa 40-635. Zote mbili zinaitwa 28 dukani! Ile ya zamani ni 28 x 1 1/2. Hizi mpya ni 28 x 1 5/8 x 1 3/8. Muuzaji anaona 28, anatoa 28, anapokea pesa.

Tufanye hesabu pamoja. 635 ukitoa 622 inabaki 13. Zidisha kwa 3.14, utapata karibu milimita 41. Maana yake ukingo wa pine unapungukiwa na milimita 41 ili kuzunguka janti, zaidi kidogo ya upana wa vidole viwili. Na ndani ya ukingo huo kuna waya wa chuma. Waya hauvutiki kama mpira. Ukiulazimisha, unakatika au unatoka ndani ya pine. Fundi hakukosa. Vijana hawakukosa. Hata angekuja fundi wa mashindano kutoka Ulaya, zile pine zisingeingia.

Na kuna kosa la upande wa pili, ambalo tunaliogopa zaidi. Mtu akiweka pine ya 635 juu ya janti ya 622, itaingia kwa urahisi, kama kiatu cha baba kwenye mguu wa mtoto. Atafurahi. Halafu atapompa, au atashuka mlima na mzigo, na ukingo utaruka inje ya janti. Shambreri itatoka na kupasuka, na gurudumu la mbele likifanya hivyo mutu anaanguka kichwa mbele. Kwa hiyo pine inayoingia bila nguvu yoyote nayo musiiamini. Someni namba.

Mafundi watatusaidia kukumbuka namba zingine. Kinga nyingi za milimani zenye pine nene za 26 ni 559. Lakini 26 x 1 3/8 ni 590, na haikubali kuingiliana na ile. Kinga za kurusi za zamani zenye 27 ni 630. Kinga za kurusi za sasa, zinazoandikwa 700, kwa mfano 700 x 25, ni 622. Ndiyo, 622, sawa na zile pine zetu! Kwa hiyo pine 10 zilizobaki si hasara. Zinafaa kwenye kinga za okazyo zilizotoka Ulaya, zenye janti za 622, kama nafasi kati ya vyuma vya kinga inatosha kwa pine ya milimita 37. Kwenye kinga ya kurusi yenyewe, nafasi hiyo mara nyingi ni ndogo, pine itakwaruza. Tunashauri kese iziuze au izibadilishe, kuliko mtu azilazimishe.

Sasa, kama namba ni sawa kabisa na bado pine inakaza? Hiyo inatokea, sana sana kwa vijana wenye kinga za kurusi, kwa sababu pine zao ni nyembamba na ukingo wake umebana. Hapo njo kazi ya mikono inaanza.

Siri iko ndani ya janti. Ukitazama janti ikiwa tupu, utaona kando mbili zimenyanyuka kidogo, na katikati kuna mfereji. Mfereji huo haukuwekwa kwa ajili ya urembo. John Boyd Dunlop alipotengeneza pine ya upepo kule Belfast, mwaka 1888, pine ile ilifungwa na kubandikwa juu ya gurudumu, na kutengeneza tundu moja ilikuwa kazi kubwa. Mwaka 1890, Charles Kingston Welch, huko Uingereza, alileta wazo la ukingo wenye waya na janti yenye mfereji. Mwaka 1891, ndugu wa Michelin wa Ufaransa nao wakaleta pine yao ya kutoa na kurudisha. Toka pale kinga zikaenea dunia nzima, na mpira ukatafutwa kila pahali. Sehemu ya mpira huo ilitoka hapa kwetu, wakati wa Leopold wa Pili, na babu zetu waliulipia kwa mikono yao na kwa maisha yao. Ni haki yetu kujua jinsi pine inavyofanya kazi.

Inafanya hivi. Ukingo ukikaa juu, kwenye kando za janti, unazunguka duara kubwa. Ukishuka ndani ya mfereji, unazunguka duara dogo. Kila milimita moja ya kina, kama ukingo umeshuka kuzunguka gurudumu lote, inakupatia karibu milimita 6 za nafasi. Mfereji wa milimita 3 unaweza kukupatia 18 au 19, si zaidi. Sasa munaona kwa nini upungufu wa 41 hauwezi kutoka humo, lakini pine yenye namba sawa inayokaza kidogo inaweza.

Fuateni hatua hizi.

Kwanza, angalieni utepe unaofunika vichwa vya rayo. Wengi wetu tunakata shambreri ya zamani na kuifunga mara mbili, mara tatu. Ule mpira mzito unajaza mfereji, na nafasi yote inapotea. Wekeni utepe mmoja mwembamba, ulionyooka, unaofunika vichwa vyote vya rayo bila kupanda kwenye kando.

Pili, ingizeni ukingo mmoja wote. Halafu pompeni shambreri upepo kidogo tu, ishike umbo la duara, muiweke ndani ya pine bila kujikunja.

Tatu, anzeni ukingo wa pili upande ulio mbali na valvu, mumalizie kwenye valvu. Hii wengi wanafanya kinyume. Pahali pa valvu, shambreri ni nene na valvu inakaa katikati ya mfereji, kwa hiyo ukingo hauwezi kushuka pale. Ukianza na valvu, umejinyima nafasi toka mwanzo.

Nne, kikibaki kipande kama cha shubiri moja, simameni. Toeni upepo wote. Sasa zungukeni gurudumu lote mukibana pine kwa vidole, kutoka pande mbili, ili kingo zote zianguke kwenye mfereji. Halafu simamisha gurudumu chini, kipande kilichobaki kikiwa chini. Shika pine juu kwa mikono miwili, uivute kwa nguvu kuelekea chini, mkono wa kuume upande wake na wa kushoto upande wake, kama mutu anayekamua nguo. Nafasi yote iliyopatikana juu inateremka kwenye kile kipande. Rudieni mara mbili, mara tatu. Kama ukingo unaponyoka upande wa pili, fungeni pale kwa kamba ya mpira.

Tano, paka maji ya sabuni kidogo kwenye ukingo. Musitumie mafuta ya motere, mazutu wala esanse, vinaharibu mpira. Kama pine ni mpya na ngumu, iacheni kwanza kwenye jua.

Sita, sukumeni kipande cha mwisho kwa kiganja au kwa vidole gumba, sentimita moja moja. Mukikosa kabisa, tumieni kifaa cha kutolea pine, au mpini wa kijiko uliolainishwa, na muchukue kidogo kidogo. Turnevisi tunaikataa. Inakata ukingo na inabana shambreri. Munapotoa shambreri na kukuta tundu upande wa ndani, ule unaotazama janti, musitafute mwiba njiani. Chanzo kiko kwenye chuma mulichotumia, au kwenye kichwa cha rayo kisichofunikwa.

Saba, mbele ya kupompa, sukuma valvu ndani kidogo halafu ivute. Zunguka gurudumu lote ukifungua pine kwa vidole, uone kama shambreri imenaswa chini ya ukingo. Pompa nusu. Ubavuni mwa pine kuna mstari mwembamba unaokwenda sambamba na janti. Mstari huo uwe na umbali ule ule kila pahali. Ukiona pahali unazama au unapanda, toa upepo, rekebisha, anza tena. Halafu jaza mpaka kipimo kilichoandikwa ubavuni, bila kukipita.

Wapendwa, tunamaliza kwa maombi matatu.

La kwanza ni kwa kese: mutu asiende tena dukani na neno "28". Aende na namba imeandikwa kwenye karatasi, 635 au 622, na fundi aione pine mbele pesa haijatoka.

La pili ni kwa mafundi na vijana: mufanye kazi hii pamoja, angalau siku moja kila mwezi. Aliyebaki anazijua hizi kinga za mizigo tangu utoto. Aliyerudi ameshika kinga za namna nyingine kambini. Ujuzi huo ukikaa mbalimbali, kila upande unalipa shambreri yake.

La tatu ni kwa sisi wote. Kati yetu kuna mutu ambaye kwa wiki kadhaa amesalimiwa kwa mdomo tu, watu wakimtazama kama mwizi, kwa sababu ya milimita 13. Yuko hapa leo. Waliosema maneno yale wanajijua, naye anawajua. Hatutaji jina la mutu. Lakini mkutano ukiisha, tutatoa janti mbili na pine mbili chini ya ule mwembe, kila mutu ajaribu kwa mikono yake. Tumemuomba fundi huyo atufundishe, na amekubali. Tunaomba wale waliomsema wawe wa kwanza kushika gurudumu pembeni yake.