Kampuni Hulipa Ada, Mwananchi Ana Haki ya Kusoma

Maelezo ya mazungumzo kwa wakazi wa Mbwajumali, Lamu Mashariki, kuhusu ada za taarifa za mazingira



Mazungumzo haya ni kuhusu ada ambazo kampuni hulipa ili kutoa taarifa za namna shughuli zao zinavyogusa mazingira. Mkazi wa Pate anaweza kuuliza: ada ya kampuni inamhusu nini mtu anayetega kamba au kuvua kwa mshipi? Inamhusu kwa sababu mradi unapofika pwani, neno la kwanza linalosikika barazani ni hili: "Kampuni imeshalipa serikali, karatasi zake ziko sawa." Watu wakilisikia neno hilo wengi huondoka. Huamini kwamba aliyelipa amemaliza, na kwamba aliyebaki hana la kusema.

Hivyo sivyo sheria inavyosema. Mtu akilipa nauli ya boti kutoka Amu hadi Mtangawanda amepata nafasi ya kukaa, bado hajafika. Ada ya taarifa ni vivyo hivyo. Inaifanya taarifa ipokelewe na ishughulikiwe. Haithibitishi kwamba yaliyoandikwa ndani ni ya kweli, na haimnyimi mwananchi haki ya kuyasoma na kuyapinga.

Pesa za aina tatu

Aina ya kwanza ni ada za hiari za kimataifa. Shirika linalojulikana zaidi ni CDP, lililoanzishwa London mwaka 2000. Kila mwaka shirika hili hutuma maswali kwa kampuni kwa niaba ya wawekezaji na wanunuzi wakubwa. Kampuni huulizwa inatoa kiasi gani cha hewa ya ukaa, inatumia maji kiasi gani, na inahusika vipi na misitu. Kampuni zaidi ya 20,000 duniani zimekuwa zikijibu, na Safaricom ni miongoni mwa za Kenya zilizowahi kufanya hivyo. Nyingi ya kampuni hizo hutakiwa kulipa ada ya usimamizi ya kila mwaka, na ada hupanda kadiri kampuni inavyochagua huduma zaidi. Majibu hupewa alama kuanzia A kushuka. Kampuni iliyoombwa majibu ikakaa kimya huandikiwa F.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa hapo. Kwanza, ada hiyo hainunui alama. Kampuni inaweza kulipa na bado ikapata alama ya chini. Pili, majibu huandikwa na kampuni yenyewe. CDP husoma kilichoandikwa. Haitumi mtu kuja Kizingitini kupima maji.

Nchini Kenya, Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa taarifa za namna hii mwezi Novemba 2021. Chama cha wahasibu, ICPAK, nacho kimepanga kwamba taasisi zenye maslahi ya umma zianze kutoa taarifa za uendelevu kwa lazima kuanzia Januari 1, 2027. Kwa hiyo karatasi za namna hii zitaongezeka, na kampuni nyingi zaidi zitakuja mbele ya watu zikiwa na ripoti nzuri mkononi.

Aina ya pili ni ada ya serikali. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na ripoti ipelekwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA. Mradi ukishaanza kazi, mwenye mradi hutakiwa kufanya ukaguzi wa mazingira na kupeleka ripoti yake. Ada ya leseni imewahi kubadilishwa mara kadhaa. Iliondolewa mwaka 2017 ili kupunguza gharama za wawekezaji, kisha ikarejeshwa. Kwa kawaida huhesabiwa kama sehemu ndogo ya gharama ya mradi. Kwa mfano, kiwango kikiwa asilimia 0.1, mradi wa shilingi bilioni 2 utalipa shilingi milioni 2. Mradi ukiwa mkubwa, ada nayo ni kubwa. Lakini maswali ambayo mradi huo unapaswa kujibu ni yale yale.

Aina ya tatu ndiyo isiyotajwa sana barazani. Mtaalamu anayeandika ripoti ya tathmini ni lazima awe amesajiliwa na NEMA, lakini anayemlipa ni mwenye mradi. Sheria yenyewe ndiyo inayosema gharama ya utafiti ni ya mwenye mradi, na ina mantiki: umma usitozwe ili mtu binafsi apate leseni. Wataalamu wengi hufanya kazi yao kwa uaminifu. Hata hivyo, fundi hulipwa na mwenye nyumba, na jirani ambaye ukuta unamwangukia hakumchagua fundi huyo. Ndiyo maana sheria iliweka jicho la pili juu ya ripoti, nalo ni jicho la mwananchi. Jicho hilo likifumba, ripoti hubaki imesomwa na aliyeilipia, aliyelipwa na aliyeipokea tu.

Yaliyotokea Kwasasi

Lamu ina mfano ambao nchi nzima inautaja. Septemba 7, 2016, NEMA iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, bara ya Lamu. Karatasi zilikuwepo, utafiti ulikuwepo, leseni ilikuwepo. Kundi la Save Lamu pamoja na wakazi walikwenda kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira kukata rufaa.

Juni 26, 2019, Jopo lilifuta leseni hiyo. Halikusema kwamba kampuni haikuwa na ripoti. Lilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano iliyofanywa ilikuwa ya awali, kabla ripoti ya utafiti haijakamilika, kwa hiyo watu hawakupata nafasi ya kweli ya kutoa maoni juu ya yale yaliyoandikwa ndani yake. Jopo pia liliona kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Kampuni ilikata rufaa, na mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa rufaa hiyo.

Kabla ya hapo, tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi katika kesi ya bandari ya Lamu iliyofunguliwa mwaka 2012. Ilikuta kwamba haki za wakazi zilivunjwa, ikiwemo haki ya kupata habari, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Kesi hizo mbili hazikuhusu ada, na katika yoyote kati yake swali halikuwa kama kampuni imelipa. Swali lilikuwa: walioguswa waliambiwa nini, lini, na kabla ya uamuzi gani?

Mwananchi anaombaje ripoti

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza njia yake, na njia hiyo iko hivi.

Ombi huandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Barua ya Kiswahili haipaswi kukataliwa kwa sababu ya lugha. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anaweza kusema ombi lake kwa mdomo. Afisa anatakiwa kuliandika na kumsomea ili athibitishe.

Kuwasilisha ombi hakuna ada. Ofisi inaweza kutoza gharama halisi ya kutoa nakala na kuzifikisha, na si zaidi ya hapo. Kampuni yaweza kuwa imelipa mamilioni ili ripoti ishughulikiwe. Mvuvi wa Mbwajumali hatakiwi kulipa kitu ili aiombe.

Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Muda unaweza kuongezwa mara moja, usiozidi siku 14, ikiwa habari inayotakiwa ni nyingi. Ombi likikataliwa, mwombaji anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman, ndani ya siku 30.

Leseni ya NEMA ikiwa imeshatolewa na wananchi hawakuridhika, rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ina kikomo cha siku 60. Hapo ndipo visiwa huumia. Habari huchelewa kuvuka maji, na siku hazimsubiri mtu. Kwa hiyo ombi la ripoti lisingoje leseni itoke. Lipelekwe mara tu mradi unapotajwa.

Kwa kuwa safari ya Amu ina gharama yake, inafaa mji uandike barua moja. Kikundi cha usimamizi wa fuo, yaani BMU, kikundi cha kina mama na wazee wa mji wanaweza kutia saini pamoja, kisha mtu mmoja akaipeleka, akagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala, na nakala ikahifadhiwa. Muhuri na tarehe ndivyo vitakavyoonyesha baadaye siku 21 zilianza lini.

Ripoti ikifika, isomwe namna gani

Ripoti nyingi ni nene na zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Hakuna haja ya kila mtu kuzisoma zote. Mwalimu mmoja na vijana wawili waliomaliza shule wanaweza kutafuta majibu ya maswali machache na kuyaleta barazani.

Swali la kwanza: bahari ilipimwa msimu gani? Utafiti wa uvuvi uliofanywa wakati wa kusi, vyombo vikiwa vimefungwa na wavuvi wachache tu wakitoka, utahesabu samaki wachache na wavuvi wachache. Wakati wa kaskazi hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Fidia ikija kutolewa kwa hesabu ya kusi, hasara itakuwa ya mvuvi.

La pili: ni maeneo gani ya uvuvi yametajwa kwa majina? Eneo ambalo halikutajwa huchukuliwa kana kwamba halina mtu. Wazee wanayajua majina ya miamba, mikondo na vilindi. Wataalamu huenda hawayajui.

La tatu: mikoko itakatwa wapi, na mchanga utakaochimbwa baharini utamwagwa wapi? Mikoko ndipo kaa na kamba wadogo wanapokulia.

La nne: mikutano na wananchi ilifanyika tarehe gani, na nani ameorodheshwa kuwa alihudhuria? Orodha hiyo ikaguliwe jina kwa jina. Kanuni zinataka mwenye mradi afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Mtu akilikuta jina lake kwenye mkutano ambao hakuhudhuria, hilo ni jambo la kuandikiwa NEMA siku hiyo hiyo.

La tano: kampuni imeahidi nini, kufikia tarehe gani, na nani atakagua? Ahadi isiyo na tarehe haina wa kuifuatilia. Ahadi yenye tarehe inaweza kuulizwa kila mara ripoti ya ukaguzi inapopelekwa.

Lililo la haki kwa pande zote

Haya hayasemwi ili wawekezaji wafukuzwe. Vijana wa Pate wanataka kazi, na barabara, umeme na maji vinahitaji miradi. Kampuni inayotoa taarifa kwa hiari na kulipia ada yake inafanya jambo jema, na yafaa isifiwe kwa hilo. Kampuni iliyo mkweli haina sababu ya kuogopa kusomwa. Hata yenyewe hufaidika, kwa sababu mgogoro unaomalizwa barazani ni wa bei nafuu kuliko kesi ya miaka mitatu au sita.

Basi siku mgeni atakapokuja Mbwajumali na kusema kampuni imeshalipa na karatasi ziko sawa, akaribishwe kwa heshima kama ilivyo desturi, apewe kahawa, kisha aulizwe: "Nakala iko wapi?" Akiwa nayo, isomwe. Akiwa hana, barua ya kuiomba iandikwe kabla hajapanda boti ya kurudi.

Wabillahi taufiq.